Hatua Kwenye Ua wa Minyaa

Enguserosambu,
2 Juni 2024

Mwalimu wangu Inosenti,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeandika hivyo na papo hapo nimekusikia ukiitikia kwa ile sauti yako iliyokuwa ikituamsha tuliosinzia mafundisho.

Habari ya msiba imenifikia ikiwa imepoa. Tobiko, dereva wa gari la misheni, ndiye aliyeniletea: kwamba Wilibrodi, mtoto wa dada yangu Martha, amefariki kwa kichomi hata mwaka hajatimiza, na mmeshamzika. Huku mtandao unapatikana juu ya kilima kimoja tu, na siku hiyo sikupanda. Nimelia, Mwalimu, nikiwa nyuma ya zizi la watu, wasinione.

Sasa nina hofu nyingine. Mtoto amekufa akiwa bado ananyonya, na wewe unawajua watu wetu. Najua hawatasubiri hata udongo wa kaburi ukauke kabla ya kumweka dada yangu kwenye metimani, kule kutengwa kwa mfiwa. Hakuna atakayeingia kwake, hakuna atakayeomba moto kwake, wala ng'ombe wake hawatachungwa na wa wenzake, eti mkosi utamfuata kila atakayevuka kizingiti chake, umchukulie na yeye mtoto wake. Na wote hao Jumapili wako kanisani wanapokea Komunyo.

Wewe ndiye uliyetufumbua macho. Nakumbuka ulivyopiga meza mpaka chaki ikaruka. Ulisema kifo si upele, hakiambukizwi kwa kukaa benchi moja na mfiwa. Ulisema Mkristo anayeogopa kizingiti cha jirani yake amebatizwa kichwa tu, miguu bado. Tulicheka sana, lakini mimi sikulisahau, na ndilo ninalowafundisha wakatekumeni wangu hapa, hawa wanaojiandaa kubatizwa.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Ingia kwa Martha. Kaa, unywe chai yake, watu wakuone umetoka mzima. Wakikuona wewe, wataingia na wao. Mimi siwezi kuja kwa sasa. Ubatizo unakaribia, na njia ya kutoka huku unaijua ilivyo.

Dorkasi mke wangu anakusalimu. Hajambo, amenenepa kidogo kwa maziwa ya huku.

Mwanafunzi wako,
Emmanueli


Kansay,
16 Juni 2024

Mwanangu Emmanueli,

Milele amina. Mwandiko wako bado ni ule ule wa kuku. Nilidhani ukatekista ungekunyoosha mkono, kumbe umekunyoosha ulimi tu.

Pole sana kwa msiba. Nilisimamia sala za maziko mimi mwenyewe kwa sababu padre alikuwa safarini. Sanduku lilikuwa dogo, mtu mmoja alilibeba kwapani. Leonce, mumewe Martha, amesharudi kazini kwenye loji kule Karatu mjini. Wageni wa msimu wameanza, na nadhani kukaa na kazi ni rahisi kwake kuliko kukaa na nyumba ile.

Ulichoniomba nilikuwa nimeshaanza hata kabla hujaniomba. Nafika kwa Martha mara kwa mara. Huwa naenda jioni, nikishafungia ng'ombe, wakati ukungu unashuka na watu wako jikoni. Mbwa wao ananijua, hata habweki, anakuja akitikisa mkia. Moshi unatoka, kwa hiyo anapika. Ua wao wa minyaa umenenepa, Leonce akija aupunguze. Namsalia rozari yote, nikimaliza naondoka. Hata maziwa hunikaribisha, maskini, na hali yake ile.

Kwa hiyo tulia, fanya kazi yako. Mwaka huu darasa la kipaimara limejaa mpaka wengine wanakaa dirishani. Tangu nianze kufundisha sijapata watoto wengi kiasi hiki, na wazazi wao wananisikiliza. Si jambo dogo hilo, mtu hapaswi kulichezea.

Msalimu Dorkasi.

Mwalimu wako,
Inosenti


Kansay,
30 Juni 2024

Kaka Emmanueli,

Shikamoo. Barua hii nitaiweka chini ya jiwe kwenye ua. Mama anayeniletea unga huuacha pale pale na kuondoka, basi ataichukua ampe Tobiko. Ni mwema, hukohoa ili nijue amefika, lakini akiniona mlangoni anageuza uso.

Katika barua yako umeniuliza kama watu wanakuja. Hakuna mtu aliyeingia humu tangu tuzike, kaka. Leonce alilala hapa siku chache, akaitwa kazini. Viti vipo ukutani kama vilivyopangwa siku ya msiba, sijavigusa, naona kama nikivitoa nitakuwa nimekiri kwamba hawaji.

Lakini nataka kukuambia jambo ambalo usimwambie Leonce.

Anakuja mmoja. Jioni, ukungu ukishafunga, nasikia hatua zinapanda kutoka korongoni. Zinakuja mpaka kwenye minyaa, zinasimama. Zinasimama muda mrefu. Kuna kitu kama mnong'ono, siwezi kushika neno hata moja. Halafu zinarudi zilikotoka. Na mbwa habweki, kaka. Mbwa huyu anabwekea mpaka kuku wetu wenyewe, lakini hatua hizo hazibwekei, anazikimbilia.

Mara ya kwanza nilitia komeo mlangoni. Halafu nikafikiri, ni nani ambaye mbwa huyu alimpenda hivyo, akawa analala chini ya kitanda chake? Ni Wilibrodi. Najua utasema Wilibrodi alikuwa hajajua hata kutambaa. Huko aliko labda wamemfundisha kutembea.

Nikaweka kikombe cha maziwa juu ya jiwe. Asubuhi kilikuwa kitupu, na hakikuwa kimeanguka. Kilikuwa kimesimama wima kama nilivyokiweka. Paka hawezi hivyo. Tangu siku hiyo naweka kila jioni, na kila ninaposikia hatua, asubuhi kikombe ni kitupu. Maziwa yangu yamekauka, sasa namwekea ya ng'ombe.

Wewe ndiye uliyesoma dini katika nyumba yetu, kwa hiyo nakuuliza wewe. Ni dhambi? Mafundisho yanasemaje juu ya mtoto anayerudi? Mimi nilisoma pamoja nawe kwa Mwalimu Inosenti, lakini nilichokuwa nakijua chote kimenitoka. Najua tu kwamba jioni nikisikia hatua, najisikia mtu. Siku moja nitatoka nimfuate nione anakokwenda.

Dada yako,
Martha


Enguserosambu,
9 Julai 2024

Mwalimu,

Nimesoma barua ya Martha, nikairudia yako, nikazilaza pamoja juu ya meza. Sina adabu ya kukuuliza ninalotaka kukuuliza. Basi niambie tu vitu vidogo. Ukutani kwa dada yangu kuna picha gani? Kitanda cha mtoto bado kipo au wamekitoa? Viti vimekaaje?

Ukiweza kujibu, nitapiga magoti hapa nilipo nikuombe msamaha.

Usipoweza, basi sikiliza. Martha anasikia hatua. Anaamini ni Wilibrodi anayerudi, na anamwekea maziwa, na asubuhi anakuta kikombe kitupu. Anasema atazifuata. Wewe unalijua lile korongo. Kila masika linakula njia, na kwenye ukungu mtu haoni hata miguu yake. Anayepita pale kila siku anajua pa kukanyaga. Martha hajatoka nje ya ua tangu maziko.

Na kuna jambo la kwangu. Wiki iliyopita niliwafundisha wakatekumeni habari hii hii. Niliwaambia, kwetu kuna desturi ya kumtenga mama aliyefiwa, lakini mwalimu wangu mzee ameingia nyumbani kwa dada yangu bila hofu. Nilikuweka wewe kuwa mfano. Wakapiga makofi. Kisha akainuka Ngoyai, mama mmoja wa makamo ambaye mumewe hataki abatizwe, anatembea tangu alfajiri kuja darasani. Hapigi makofi ovyo. Akaniuliza, "Mwalimu, na wewe? Dada ni wako. Chakula chake umekula?"

Nikasema barabara ni mbaya. Akasema, "Gari la misheni lilikwenda juzi, likarudi jana. Nililiona."

Nikafunga darasa kwa sala. Jumamosi iliyofuata Ngoyai hakuja.

Nitakuambia ukweli kabla hujaniuliza. Dorkasi hajanenepa kwa maziwa. Ana mimba, na ni ya kwanza kufika miezi hii, zile nyingine mbili zilitoka. Nafundisha mchana kwamba hakuna mkosi, jioni nautazama mkono wake ukiwa juu ya tumbo, nasema moyoni: si sasa, Bwana, nitakwenda mtoto akishazaliwa. Kichwa changu kimebatizwa, Mwalimu. Miguu yangu iko wapi?

Emmanueli


Kansay,
21 Julai 2024

Emmanueli,

Nilipoimaliza barua yako mara ya kwanza niliitupa. Nilisema, huyu mtoto niliyemfundisha kushika kalamu ananihoji kama polisi. Niliandika barua mbili za kukukaripia na zote nimeziwashia moto jikoni. Hii ni ya tatu.

Sijui kuna picha gani ukutani.

Sikukuandikia uongo, utaona ukisoma tena. Niliandika nafika, na kweli nafika. Nilijua utadhani naingia. Naweza kufundisha kwa ustadi mkubwa tofauti ya kusema uongo na kuacha mtu adanganyike. Nimeshawatungia watoto maswali juu yake.

Siku ya tatu baada ya maziko walikuja kwangu wazazi, si wa kunitukana, watu wa heshima. Walisema, "Mwalimu, tunakupenda, lakini ukiingia kule, watoto wetu hawatakaa chumba kimoja nawe." Na mkwe wangu, mke wa mwanangu, ambaye ananyonyesha, alikuwa anasikiliza mlangoni. Nikajiambia, kipi bora, nyumba moja au darasa zima? Nikajiona nina hekima. Nikachagua kumwombea kutoka kwenye ua, jioni, ambapo hakuna wa kuniona nikiwa karibu wala wa kuniona nikiwa mbali.

Hatua ni zangu.

Maziwa niliyakuta siku moja juu ya jiwe. Nilidhani amenitambua, ananikirimu kama inavyopasa kumkirimu mgeni. Nikashindwa kunywa. Nikakishika kikombe, Emmanueli, nikaona mdomo wangu umekataa. Lakini kukiacha kimejaa ni kumtukana mwenye nyumba. Kwa hiyo nikamwaga majanini taratibu, nikakirudisha wima. Nikajisifu kwa adabu hiyo. Nimefanya hivyo kila jioni niliyokwenda, sikujua kwamba nilikuwa namfundisha dada yako kuamini mzimu.

Kuna zaidi. Kabla barua yako haijafika, jioni moja nilikuwa nimeshamaliza sala na nimeshuka korongoni, nikasikia mtu nyuma yangu. Ukungu ulikuwa mzito. Nikasikia sauti ya mwanamke juu ya ukingo, inaita, "Wilibrodi! Baba! Ngoja!" Udongo ukaporomoka, mabonge yakaanguka karibu na mguu wangu. Ningeitika tu. Ningesema, "Martha, rudi, ni mimi Inosenti." Badala yake nilikimbia. Mzee mimi, mwenye goti bovu, nilikimbia nikishika rozari isilie. Niliogopa mtoto aliyekufa, mtoto ambaye nilimbatiza mimi mwenyewe kwa mkono huu alipokuwa mahututi. Tangu siku hiyo nikifumba macho naisikia ile "ngoja".

Umeniuliza miguu yako iko wapi. Ulinitaka niseme iko pamoja na yangu, ili tuwe wawili tulioanguka shimo moja. Sitakupa faraja hiyo. Nilikufundisha neno la kweli. Nililifundisha vizuri, na sikulitenda, na hilo nitalijibu mimi. Lakini wewe ulilisikia, ukalielewa, sasa ni lako. Siku ya kuulizwa usije ukasema, "Mwalimu alisimama kwenye ua." Utaulizwa wewe ulisimama wapi.

Naandika haya asubuhi, jioni nakwenda. Naandika kabla kwa sababu nikishatoka huko naweza kujitengenezea ushujaa. Sasa hivi, nikwambie kweli, naogopa.

Inosenti


Kansay,
4 Agosti 2024

Kaka Emmanueli,

Shikamoo. Mwalimu amesema alikuandikia kwamba atakuja, na kwamba yaliyotokea nikuandikie mimi.

Jioni ile nilikuwa nimejifunga kanga na kuvaa viatu vya Leonce vya mvua. Nilikuwa nimeamua. Mara ile ya kwanza nilipomfuata alinikimbia, nikaona labda nilimtisha kwa kuita kwa nguvu, kwa hiyo safari hii nilitaka nimfuate kimya mpaka ndani ya korongo. Nikakaa mlangoni nikisikiliza. Hatua zikaja. Zikafika kwenye minyaa, zikasimama. Nikainuka.

Halafu zikaendelea.

Kaka, sijawahi kuogopa namna ile. Zikavuka ua, zikapita kwenye jiwe, zikaja uwanjani, na nzito, za mtu mzima, mguu mmoja ukiburuta. Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Mlango ukasukumwa na akaingia Mwalimu Inosenti, amelowa ukungu, ameshika kile kikombe kwa mikono miwili kikiwa bado kimejaa.

Alisema, "Aayo," kama tunavyowaita mama zetu, mimi niliye sawa na binti yake. Akachukua kiti kimoja cha ukutani, akakaa. Halafu akaniambia yote, kwamba hatua zilikuwa zake, mnong'ono ulikuwa rozari, maziwa aliyamwaga majanini. Alisema, "Ningeweza kuingia leo na kunyamaza, ukabaki na mtoto wako. Lakini Wilibrodi hazunguki na ukungu, Martha. Yuko kwa Mungu, amepumzika. Aliyekuwa akizunguka ni mimi."

Sikumshukuru. Nilimwambia, "Afadhali angekuwa mtoto. Mtoto angeingia."

Akanywa yale maziwa. Kidogo yalimwagika kwenye koti, lakini aliyamaliza, akaomba mengine. Tukalia wote wawili. Kisha akatazama ukutani, akauliza ile picha ya Bikira Maria tuliinunua wapi. Sijui kwa nini aliuliza hilo.

Usifikiri sasa ni raha. Jumamosi darasa lake lilikuwa na watoto watatu. Mkwewe amebeba mtoto amerudi kwao Mbulu. Nilimwona Mwalimu akipita, amezeeka ghafla. Nikamwambia, Mwalimu, umepoteza darasa. Akasema wale watatu wanauliza maswali kuliko wale wote wa dirishani.

Nami nina la kwangu. Nimekuwa nikikaa humu nikihesabu nani hakuja. Lakini yale mafundisho niliyasoma hata mimi. Hakuna aliyenifungia mlango kwa nje, kaka. Mara mbili kabla sijaolewa niliwahi kupita mbali na nyumba ya mama mwingine aliyefiwa kama mimi, nikageuza uso vilevile. Basi Jumapili nimekwenda kanisani kwa miguu yangu. Nilikaa benchi langu la siku zote. Waliokuwepo wakasogea, kisha wakahama. Nikabaki peke yangu na benchi refu, nikafikiri nitoke. Mwalimu akaacha kiti chake cha mbele, akaja akiburuta mguu katikati ya kanisa zima, akakaa kando yangu. Baadaye yule mama wa unga naye akaja. Hakunitazama, lakini alikaa.

Jioni zimekuwa kimya sana. Sitakudanganya, namkosa yule ambaye hakuwepo. Bado nikisikia jani naacha kusonga ugali.

Tobiko ameniambia Dorkasi ana mimba na kwamba wewe hukutaka nijue. Nimefurahi kwa ajili yenu, na nimeumia. Nakuombea mtoto huyo kila siku. Dorkasi usimlete kama anaogopa, si yeye aliyesomea dini. Na sitaki barua nyingine nzuri kutoka kwako. Viti bado viko ukutani, kimoja tu ndicho kimesogezwa.

Ukungu utaendelea mpaka mwisho wa mwezi. Nikisikia tena hatua zimekuja na kusimama kwenye minyaa, sitaweka maziwa, wala sitamwita mwanangu. Nitajua ni wewe.

Dada yako,
Martha